Kwa Nini Panya Haumwi?

Panya shamba jike ana chuchu hadi 24. Ukimkuta kwenye mtego, mgeuze kwa kijiti umtazame tumbo: safu mbili zinaanzia karibu na kwapa na kushuka mpaka mapajani. Ng'ombe ana nne, mbuzi ana mbili. Huyu mdogo, ambaye mara nyingi hafikishi hata gramu 100, amejaliwa 24 na anazitumia. Mimba yake ni siku 23 hivi. Mzao mmoja ni watoto 10 au 11, na wapo wanaovuka hapo. Mvua za vuli zikiwahi na zikanyesha kwa wingi, watoto hao nao huzaa mapema, na msimu unaofuata wakulima wanalia.

Mimi ni bibi shamba. Nilisomea chuo cha kilimo cha Ukiriguru, ng'ambo ya ghuba ya Mwanza, na kazi ya ugani nimeifanyia Sengerema tangu enzi zile ambazo kwenda Mwanza mjini ni lazima upange foleni ya kivuko pale Busisi. Nimefundisha watu kupanda kwa mistari, nimebishana nao juu ya mbegu, nimehesabu mashimo ya panya kwenye matuta ya viazi. Kwa hiyo panya nilimjua kwanza kama mwizi. Wataalamu wanakadiria kwamba anatunyang'anya karibu asilimia 15 ya mahindi ya nchi hii, na hapo hujagusa michembe na matobolwa ya viazi vitamu ambayo mama wa Kisukuma ameanika kwa jasho lake, ameyaweka ghalani akijua ndiyo chakula cha kiangazi.

Swali lililonifanya nimtazame panya kwa jicho jingine aliniuliza mama mmoja kwenye kikao cha wakulima. Ilikuwa mwaka 2023, baada ya serikali kutangaza mwezi Machi kwamba kirusi cha Marburg kimeingia Kagera, yaani kwa majirani zetu kabisa. Watu walikuwa na hofu. Redio ilikuwa inataja popo, na kijiweni kila mtu alikuwa ameongeza mnyama wake. Tulikuwa tumekusanyika kuzungumzia mbolea, mama yule akanyoosha mkono.

“Bibi shamba, naomba kuuliza. Tunaambiwa popo ana ugonjwa, panya ana ugonjwa, sisi tukiwagusa tunakufa. Mbona wenyewe hawafi? Panya wa ghalani kwangu ni wanene kuliko wajukuu zangu.”

Watu walicheka sana. Lakini mayu yule, yaani mama kwa Kisukuma, hakuwa anatania, na swali lake ni mojawapo ya maswali makubwa ya tiba katika karne iliyopita. Jibu lake limewapa watu Tuzo ya Nobel zaidi ya mara moja. Na kipande kizuri cha jibu hilo kimetoka Morogoro.

Tuanze mbali kidogo. Mwaka 1933 mji wa St. Louis, Marekani, ulipatwa na mlipuko wa homa ya ubongo. Daktari Charles Armstrong wa idara ya afya ya umma ya huko alikuwa anachunguza sampuli za wagonjwa, akakutana na kirusi kingine kabisa ambacho hakuwa anakitafuta. Jina lake la kitaalamu ni refu, kwa hiyo dunia nzima hukiita kwa kifupi LCMV. Miaka miwili baadaye, kwenye maabara ya Taasisi ya Rockefeller kule Princeton, Mjerumani mmoja aliyeitwa Erich Traub aligundua kwamba kirusi hicho hicho kimo ndani ya panya wadogo weupe waliokuwa wakifugwa pale kwa ajili ya majaribio. Kilikuwa kimejikalia tu, na panya walikuwa wanakula na kuzaana kama kawaida.

Traub alikuwa mtu wa kufuatilia. (Baadaye alirudi Ujerumani akawatumikia Wanazi na maabara yao ya virusi vya mifugo katika kisiwa cha Riems. Akili nzuri haimfanyi mtu kuwa mwema.) Aliona mambo ambayo ukiyaweka pamoja hayaingii akilini haraka. Akimchukua panya mzima, mtu mzima, asiyewahi kuambukizwa, na kumdunga kirusi kile kwenye ubongo, panya anakufa baada ya wiki moja hivi kwa degedege. Lakini panya aliyezaliwa na mama mwenye kirusi, aliyekipata tangu tumboni, ana kirusi kwenye damu, kwenye ini, kwenye figo, kwenye mkojo, kila mahali, na haugui. Mdunge ubongoni dozi ile ile iliyomuua mwenzake, hashtuki. Akiwa jike akabeba mimba, watoto wake wote wanazaliwa nacho. Nao watawapa watoto wao. Ukoo mzima unarithishana kirusi kupitia tumbo la mama.

Kwa hiyo kirusi ni kile kile, dozi ni ile ile, na mnyama ni wa aina ile ile. Kilichotofautiana ni siku ambayo kirusi na mwili vimekutana.

Hapo ndipo wataalamu walipolazimika kugeuza fikra zao. Tumezoea kusema kirusi kinaua. Kirusi hiki chenyewe kinaingia kwenye seli, kinajizalisha, kinatoka, na seli inaendelea na kazi zake. Anayemuua panya mtu mzima ni mwili wake mwenyewe. Chembe nyeupe za damu, wale tunaowaita askari wa mwili, wanaikuta seli ya utando wa ubongo ina kitu kigeni, wanaishambulia, wanaishambulia na ya pili yake, na ubongo unavimba ndani ya fuvu lisilotanuka. Ushahidi ni kwamba ukimdhoofisha panya kinga kwa mionzi, au ukimtoa tezi ya thaimasi akiwa mchanga, tezi ambayo ndiyo chuo cha hao askari, kisha ukampa kirusi, hafi. Anabaki nacho.

Na yule aliyezaliwa nacho? Chuo cha askari wake kilifunguliwa wakati kirusi kimeshaingia ndani. Kazi ya kwanza ya chuo hicho ni kuondoa askari wowote wanaoonyesha dalili ya kushambulia kilicho chetu. Kirusi kikawa kinahesabiwa humo humo miongoni mwa vilivyo vyetu. Mbwa aliyelelewa tangu mdogo na mtu hambwekei mtu huyo, hata kama mtu mwenyewe ni mwizi wa kijiji kizima.

Mwaustralia Macfarlane Burnet, pamoja na Frank Fenner, ndio walioyachukua mambo haya ya panya wa Traub mwaka 1949 na kuyajengea nadharia: mwili hauzaliwi ukijua nani wake na nani mgeni, unajifunza, na unajifunza mapema. Muingereza Peter Medawar akaja kuthibitisha kwa panya waliopandikizwa ngozi. Mwaka 1960 Burnet na Medawar wakapewa Nobel. Miaka ya 1973 na 1974, kule Canberra, Peter Doherty na Rolf Zinkernagel walikitumia kirusi hicho hicho cha panya kuonyesha jinsi askari wa mwili wanavyoitambua seli iliyoambukizwa. Wakapata Nobel yao mwaka 1996. Doherty kwa taaluma ni daktari wa mifugo. Naliandika hilo makusudi, kwa ajili ya wenzangu wa idara ya mifugo ambao hospitalini wanasalimiwa kwa mbali.

Nisije nikakudanganya kwamba panya wa namna hii amepata kirusi cha bure. Baadaye, miaka ya 1960, ilionekana kwamba mwili wake hutengeneza kingamwili kidogo kidogo. Haziwezi kumaliza kirusi, ila hushikamana nacho, na mabonge hayo husafiri na damu mpaka kwenye vichujio vya figo na kukwama. Panya akizeeka, figo zinaharibika. Lakini kuzeeka kwa panya ni habari ya maabara. Porini huliwa na bundi au paka kabla figo hazijamsumbua, na ameshazaa mara kadhaa. Kirusi hakihitaji zaidi ya hapo.

Sasa turudi nyumbani.

Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, SUA, kule Morogoro, kina jina duniani kwa sababu ya panya. Wanaojulikana zaidi ni wale panya buku wa shirika la APOPO, wanaonusa mabomu ya ardhini na kifua kikuu. Hao wanapigwa picha. Mmoja wao, Magawa, alipewa medali ya dhahabu Uingereza mwaka 2020. Mimi shujaa wangu ni huyu mwingine asiyepigwa picha, panya shamba, ambaye watafiti wa SUA na wenzao wa Chuo Kikuu cha Antwerp cha Ubelgiji, akiwemo Herwig Leirs, wamemfuatilia kwa miongo: wanamtega, wanampima, wanamwekea alama, wanamwachia, wanamtega tena. Wao ndio walioonyesha uhusiano wa mvua za vuli na mlipuko wa panya, jambo ambalo sisi maafisa ugani tunalitumia kuonya wakulima.

Katika kazi hiyo kulikuwa na swali la virusi pia. Panya shamba wetu, kwa jina la kitaalamu Mastomys natalensis, ni wa aina ile ile inayobeba homa ya Lassa huko Afrika Magharibi. Lassa ni kijiji cha kaskazini mashariki mwa Nigeria. Mwaka 1969 muuguzi mmisionari aliyefanya kazi hospitali ya huko, Laura Wine, aliugua akafa, wauguzi waliomhudumia nao wakaugua, na kirusi kikapewa jina la kijiji. Binadamu hukipata hasa kwa chakula au vyombo vilivyochafuliwa na mkojo na kinyesi cha panya. Kwa mjamzito wa miezi ya mwisho ni balaa: Shirika la Afya Duniani linasema katika zaidi ya asilimia 80 ya visa hivyo mama au mtoto tumboni hufa.

Panya huyo tunaye. Basi na kirusi tunacho?

Watafiti walipima wanyama wadogo 2,520 kutoka sehemu mbalimbali za Tanzania na kuona kwamba Morogoro ndiko kuna dalili nyingi. Mwaka 2009 wakatangaza kirusi kipya, wakakiita kirusi cha Morogoro. Si Lassa. Ni ndugu yake, na ndugu wa karibu zaidi wa kirusi cha Mopeia cha Msumbiji. Mwaka 2015 kikaongezeka cha Gairo. Utaona virusi hivi hupewa majina ya mahali, na kwa heshima zote, siombi Sengerema ipate chake. Hakuna ugonjwa wa binadamu uliohusishwa na kirusi cha Morogoro, na ndiyo sababu baadhi ya maabara hukitumia kujifunza tabia za Lassa bila hatari kubwa.

Jambo moja katika vipimo vya mwaka 2009 lilikuwa la ajabu. Panya wengi walikuwa na kingamwili, maana yake waliwahi kukutana na kirusi. Waliokuwa nacho wakati huo walikuwa wachache sana. Kwa nini? Mwaka 2015 Benny Borremans na wenzake wa Antwerp walijibu kwa jaribio ambalo Traub angelitambua mara moja. Waliwadunga panya shamba kirusi cha Morogoro na kufuatilia damu, mate, mkojo na kinyesi. Kwa panya watu wazima, kingamwili zilionekana kuanzia siku ya 7, na hazikuondoka tena. Kirusi kilitoweka kwenye damu baada ya siku 18, na kwenye mate na uchafu wao baada ya siku 39. Mambo yakaisha. Lakini vitoto vilivyodungwa vikiwa vichanga vilibaki na kirusi kwenye damu kwa miezi 3 kwa uchache. Safari hii kirusi kilikuwa kimekaa pamoja na kingamwili, kama wapangaji wawili wa nyumba moja wasiosemezana.

Miezi mitatu kwa binadamu ni likizo. Kwa panya shamba, ambaye wengi wao hawamalizi mwaka, ni sehemu kubwa ya maisha, na ni muda wa kutosha kukua, kupevuka na kupandana. Fikiria sasa shamba la mahindi baada ya msimu mbaya. Panya wamepungua, wako mbalimbali. Kirusi kinachoisha ndani ya siku 39 kinaweza kukosa wa kumrukia kikafa na msimu. Panya mmoja aliyekipata uchangani, akatembea nacho mpaka mvua zinarudi na wengine wanazaliwa, anatosha kukivusha.

Mayu, hili ndilo jibu lako. Panya wa ghalani kwako haumwi kwa sababu yeye na virusi vyake wameishi pamoja vizazi na vizazi. Aliyekutana navyo ukubwani, bila sindano ya ubongoni, anavimaliza kimyakimya. Aliyekutana navyo utotoni anavilea. Sisi tukikutana na kirusi cha mnyama mwingine, hatuna mazoea hayo; mwili unapigana ovyo, na wakati mwingine vita vyenyewe ndivyo vinavyotuumiza.

Wengine wameniuliza kama Lassa inaweza kutembea mpaka huku kwa kuwa panya ni mmoja. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 kuhusu panya wa kati ya Dodoma na Morogoro unatuliza moyo. Panya shamba wana koo zao ndani ya aina hiyo moja, ingawa kwa macho hutawatofautisha. Ukoo mmoja una kirusi cha Gairo, mwingine una cha Morogoro, na pale mipaka yao inapokutana, ingawa panya wenyewe wanazaana, virusi havivuki. Kila kirusi kimezoea ukoo wake. Panya wa Nigeria ni wa ukoo mwingine tena.

Ninayemhofia zaidi ni yule panya mdogo wa nyumbani, ndugu wa wale weupe wa Traub na mwenyeji wa LCMV. Huyo alisambaa duniani kwa meli za binadamu, na kirusi chake kimesambaa naye. Magunia ya mchele na mahindi sasa yanavuka ghuba kwa dakika chache juu ya Daraja la Kigongo–Busisi lililofunguliwa Juni 2025, kilomita 3 hivi, na hakuna anayekagua kilichomo katikati ya magunia. Kwa mtu mzima mwenye afya LCMV mara nyingi ni homa inayopita. Kwa mjamzito kinaweza kuvuka kwenda kwa mtoto na kumharibu macho, au kumjaza maji kichwani.

Kwa hiyo mjamzito asifagie ghala. Nawaambia hivyo wanaume kwenye vikao na wanaguna, lakini nawaambia. Na anayefagia asifagie pakavu: vumbi la kinyesi cha panya lisipande hewani. Nyunyizia maji yenye sabuni au dawa ya kuua vijidudu, subiri, kisha kusanya kwa kitambaa, glavu mkononi. Ukifukua kiota kwenye tuta, vile vitoto vyekundu visivyofumbua macho usiwape watoto wakachezee. Umeshaelewa kwa nini nawataja hao wachanga. Funika mtungi, funga chakula kwenye ndoo yenye mfuniko, na kihenge kiwekee miguu yenye vizuizi vya bati.

Bado kuna jambo moja, na hili halihusu panya hata kidogo. Mwili wa binadamu nao una siku zake za kujifunza. Homa ya ini aina ya B ni mfano ulio wazi. Mtu mzima akiambukizwa, chini ya asilimia 5 ndio wanaobaki nayo. Wengine mwili huimaliza. Mtoto mchanga akiambukizwa, mara nyingi na mama yake wakati wa kujifungua, karibu asilimia 95 hubaki nayo, bila dalili, akinenepa na kucheza, mpaka ukubwani ini linapoanza kuharibika au kupata saratani. Ni hesabu ile ile ya Traub, ila huyu si panya, ni mjukuu wako.

Shirika la Afya Duniani linashauri dozi ya kwanza ya chanjo ya homa hii itolewe ndani ya saa 24 baada ya kuzaliwa. Kwa miaka mingi ratiba yetu imeanzia wiki ya 6, ndani ya chanjo ya penta, na maoni yangu ni kwamba wiki sita ni nyingi mno kwa kirusi kinachongoja mlangoni. Mjamzito, ukienda kliniki omba upimwe homa ya ini B, na ukiambiwa unayo, uliza kabla hujajifungua mtoto atapewa nini siku hiyo hiyo. Wewe ambaye umeshajifungua, toa kadi ya mtoto uitazame leo: penta ni wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Kama kuna nafasi tupu hapo, mpeleke.